Majivu ya Moto wa Kuazima

Nilimleta paka wetu kutoka Kihagara ndani ya gunia la mahindi. Kwetu ziwani ndivyo tunavyomhamisha paka: asiione njia, kwa sababu akiiona ataifuata kurudi. Gunia linatobolewa matundu madogo ya hewa, linafungwa mdomo, na anayelibeba anajizungusha mara tatu mlangoni kabla hajaondoka ili mnyama apotewe na upande alikotoka. Nilijizungusha na umri wangu huu wa miaka sabini na minne, mpaka mwanangu akanishika mkono.

"Mama, utaanguka hata safari hatujaanza."

Paka alilia hadi Mbamba Bay. Tulipopanda basi la Mbinga akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaniumiza kuliko kile kilio. Nilimpakata juu ya magoti nikawa namwomba radhi kimoyomoyo. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami alilitazama gunia likijisogeza.

"Mama, umebeba kuku?"

"Paka."

"Huko unakokwenda hawana paka?"

"Wanao. Lakini hawana huyu."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sikuwaeleza zaidi. Ningesema nini? Marehemu mume wangu alimwokota akiwa mdogo, chini ya kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa ziwa letu, siku ambayo wanakijiji walikuwa wakimfukuza kwa mawe kwa kuwa ni mwizi wa samaki. Akamleta nyumbani ndani ya kofia. Mume wangu alikuwa seremala na mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache, lakini na paka huyo alizungumza kila jioni kana kwamba anampa taarifa ya kazi za siku. Alipofariki, paka alihamia upande wake wa kitanda, akalala pale palipobonyea. Watoto wetu walikwishaondoka zamani. Katika nyumba ile tulibaki wawili tu tunaokijua kikohozi chake.

Kisha miguu yangu ikaanza kuvimba. Mwanangu, ambaye ni mwalimu huku Mbuji na ameoa huku, akaja kunichukua. Nyumba tukamwachia shemeji yangu. Niliomba kuchukua vitu vitatu: rozari ya mume wangu, sufuria yangu ya ugali wa muhogo, na paka.

Tulifika Mbuji jioni, mwezi wa saba, na baridi ya milima ile si ya kusimuliwa. Ukungu ulikuwa umeingia hadi uani. Mkwe wangu alinipokea kwa magoti na kwa aibu, kwa sababu gesi ilikuwa imeisha mchana ule na kuni zimelowa. Alikuwa bado anapuliza jiko bila mafanikio tuliposikia hodi.

Aliingia mama mmoja mnene, amejifunga kanga mbili juu ya sweta, mkononi ameshika kigae cha chungu kilichojaa makaa ya moto.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Nimeona moshi unatoka bila moto, nikasema wageni watakufa na baridi." Akamimina makaa jikoni, akayapuliza mara mbili, moto ukashika. Ndipo akanigeukia. "Karibu sana, dada. Ziwani kuna joto, najua. Huku utavaa soksi hata kanisani."

Huyo ndiye aliyekuwa jirani yetu, mjane kama mimi, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Watoto wake wote wako mbali, na shamba lake la kahawa linapakana na ua wetu. Ananizidi miaka michache, ila yeye ndiye aliyeanza kuniita dada, nami nikamwita hivyo.

Baada ya chakula nilifungua gunia. Kuna jambo moja zaidi kwetu ambalo lazima lifanyike paka anapofika nyumba mpya: unachota majivu ya jiko la nyumba ile, unampaka nyayo zote nne, unamwambia, "Hapa ndipo kwenu." Akijilamba miguu anaingiza nyumba mwilini mwake. Paroko wetu mmoja wa zamani aliwahi kuniuliza kama hiyo ni imani ya Kanisa. Nilimjibu kwamba ni imani ya paka, naye akaniacha. Basi nilichota majivu ya jiko lile, nikampaka, nikamwambia. Alijilamba. Usiku ule alilala miguuni pangu nami nikamshukuru Mungu.

Wiki zilizofuata zilikuwa za neema, na sitaki kuzifuta kwa sababu ya yaliyokuja baadaye. Jirani yangu alinifundisha milima. Alinionyesha jinsi Wamatengo wanavyochimba ngoro, yale mashimo ya mraba yanayofunika mteremko mzima kama sega la nyuki, nyasi zimefukiwa kwenye kingo ili mvua isibebe udongo. Alinifundisha kuweka jiwe la moto ndani ya kitambaa chini ya blanketi. Yeye lugha yake Kimatengo, mimi Kinyasa, tukakutana kwenye Kiswahili, na kila mmoja alicheka Kiswahili cha mwenzake. Kila jioni tulisali rozari pamoja, leo kwake, kesho kwetu.

Nilimwambia mambo yangu yote. Nilimwambia kuhusu kofia ile, na kuhusu mahali palipobonyea kitandani. Alinisikiliza akiwa ameshika shanga zake bila kuzisogeza. Mwisho akasema, "Basi paka huyo ni ndugu yako." Nikaona nimepata mtu.

Katikati ya mwezi wa nane paka hakurudi nyumbani. Siku ya kwanza sikujali. Siku ya pili nilianza kuita mipakani mwa shamba, "Nyau, nyau," nikitikisa kopo lenye usipa mkavu. Siku ya tatu nilikwenda kwa jirani yangu, nikamkuta amesimama mlangoni kana kwamba alikuwa anatoka.

"Dada, hujamwona ndugu yangu?"

"Paka?" Akatazama mikahawa. "Sijamwona. Labda ameshika njia ya ziwa."

"Alikuja ndani ya gunia."

"Paka wana akili, dada."

Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Jumapili alinisimamia mbele ya jumuiya. Watu walikuwa tayari kucheka kwamba bibi mzima anatangaza paka, lakini yeye aliwatuliza. Alisema kitu ukipendacho kikipotea, Mungu hapimi ukubwa wake. Ndiye aliyependekeza tufanye novena kwa yule mtakatifu tunayemkimbilia tunapopotelewa. Siku tisa tulisali, yeye akiongoza. "Tumwombee mwenzetu apate alichopoteza," alisema kila jioni kwa sauti ile yake nene, nasi tukaitikia.

Yapo mambo ambayo nayaona sasa. Tangu wiki ile rozari haikusaliwa tena kwake. "Tusalie kwako, dada, kwangu kuna moshi," alikuwa anasema. Halafu shemeji yangu aliponitumia furushi la usipa kwa basi, jirani yangu aliomba kiganja kimoja. Mara ya pili aliomba viwili. Alikuwa ameniambia siku za kwanza kwamba harufu ya usipa inamfunga pua.

"Umeupenda lini?" nilimtania.

"Mtu hubadilika akikaa na watu wa ziwani."

Nilimjazia bakuli. Nilifurahi, nikidhani nami sasa nina kitu cha kumpa.

Jumamosi ninawafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kigangoni. Tunasali, tunajifunza amri za Mungu, na mwisho ninawasimulia hadithi ili warudi wiki inayofuata. Mwezi ule sikuwa na hadithi nyingine moyoni. Niliwasimulia juu ya paka wa ziwani aliyepanda milima kutafuta nyumba. Jumamosi ya kwanza alibisha kwa kuku; kuku akamwambia nyumba imejaa mayai. Jumamosi ya pili alibisha kwa mbuzi, mbuzi akasema, "Karibu, lakini hapa tunakula nyasi." Watoto walicheka sana. Jumamosi ya tatu alilala ndani ya ngoro, mvua ikanyesha, ngoro ikajaa maji. Hapo mtoto mmoja akalia, nikaogopa kwamba nimeweka huzuni yangu mahali pasipo pake. Lakini nilikuwa nikisimulia kama mtu anayesali. Nilifikiri nikimfikisha paka wa hadithi, na wangu atafika.

Jumamosi ya nne nilianza, "Siku moja paka yule, baada ya kutembea sana—"

Binti mmoja wa darasa la pili, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alinyoosha mkono. "Bibi, lakini ameshapata nyumba."

"Nani?"

"Paka."

"Hadithi haijafika huko, mjukuu wangu."

"Amezaa. Watoto watatu. Mmoja ana mguu mmoja mweupe kama mama yake."

Katika hadithi yangu sikuwa nimesema popote kwamba paka ana mguu mweupe. Wangu anao, wa mbele kushoto.

"Umemwona wapi?"

Akawatazama wenzake. Dada yake alikuwa amemfinya, lakini maneno yalikwisha kutoka. "Chini ya kitanda cha bibi mwenyekiti. Alitukataza tusimwambie mtu, alitugawia miwa."

Hakuna mtoto aliyeshangaa. Nilizitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, nikaelewa kwamba wiki nne nilikuwa nimewasimulia hadithi ambayo mwisho wake wanaujua, nao walikuwa wakinisikiliza kwa huruma, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa. Nilifunga kwa sala. Mkwe wangu aliyekuwa akifagia kanisa aliniambia baadaye kwamba niliruka maneno katikati ya Salamu Maria.

Nilikwenda moja kwa moja, miguu ikiniuma. Nilimkuta ameketi kibarazani anachambua maharage.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilisema, maana sikujua salamu nyingine ya kuanzia.

"Milele, amina." Alinitazama usoni, akaweka ungo chini polepole. Hakuniuliza nimefuata nini.

Mlango ulikuwa wazi. Paka wetu alitoka, amenenepa, manyoya yanang'aa. Alinijia. Alininusa mguu, akanisugua kwa ubavu mara moja, nami nikainama kumshika. Ndani kukasikika kilio chembamba. Akageuka, akarudi kule kilio kilikotoka.

"Siku tisa, dada," nikasema.

"Siku tisa zipi?"

"Za novena."

Alichukua haragwe moja akaligeuzageuza vidoleni. "Alizaa chini ya kitanda changu usiku wa kuamkia ile siku uliyokuja kuniuliza. Ningekuambia, ungeingia kuwaona. Unajua watoto wa paka wakionwa na mgeni kabla hawajafumbua macho, mama anawahamisha, au anawala."

"Mimi si mgeni kwake."

"Kwa chumba kile ni mgeni."

"Haya. Macho yalifumbuka lini?"

"Wiki ya pili."

"Na hii ni ya tano."

"Najua kuhesabu, dada."

Kuku walikuwa wanadonoa maharage yaliyoanguka, na hakuna kati yetu aliyewafukuza. Nilikuwa na swali moja tu, na nilijua nikiliuliza sitaweza kulirudisha.

"Jioni zile tulizosali pamoja, wewe ulikuwa unaomba nini?"

Alilirudisha haragwe ndani ya ungo. Nilitegemea atasema aliomba kama sote. Ningemwamini pia, nadhani, kwa uchovu.

"Nisikudanganye tena," alisema. "Nilikuwa naomba asipatikane."

Ziko dhambi nilizofundishwa na masista tangu nikiwa msichana, nikazifundisha kwa wengine miaka mingi, na nilidhani nazijua zote kwa majina. Hiyo sikuwa na jina lake. Kwamba tulipiga magoti mkeka mmoja, bega kwa bega, yeye akinitangulizia neno nami nikimalizia, na maneno yetu yakapanda juu yakipingana.

"Nyumba yangu ilikuwa haina hata mdudu wa kunisubiri," aliendelea, si kwa kujitetea sana. "Wewe una mwana, una mkwe. Mimi naongea na redio. Halafu siku ile anaingia mwenyewe, anakwenda chini ya kitanda kana kwamba ametumwa. Na wewe mwenyewe ndiye uliyempaka majivu yangu."

"Majivu yako?"

"Moto ule ulikuwa wa nani? Mimi si ndiye niliyeuleta? Uliponisimulia desturi yenu nilicheka moyoni. Nikasema, dada huyu amempaka paka majivu ya moto wa kuazima. Alipokuja kwangu nikasema, basi amefuata moto wake."

Hapo alinikamata. Nilikumbuka kigae kile na makaa yake mekundu. Maisha yangu yote sikuwahi kukosea jambo hilo. Kwetu kila nyumba inalaza moto wake chini ya majivu hadi asubuhi, na hakuna anayempaka paka majivu ya moto wa jirani. Siku ile nilikuwa na baridi na uchovu, nikachota yaliyokuwepo. Kosa ni langu na nalikubali. Lakini majivu hayamfundishi mtu kuongoza novena, nikamwambia hivyo, nikaondoka.

Mwanangu alipopata habari alisema, "Mama, paka ni wetu. Kamchukue." Kesho yake alikwenda mwenyewe, akarudi na paka na wanawe watatu ndani ya kikapu. Jirani hakumzuia. Safari hii nililiwasha jiko kwa kiberiti changu, kwa kuni nilizookota mwenyewe, nikangoja hadi kuni zikawa majivu. Nikampaka nyayo zote nne na za watoto wake kumi na mbili. "Hapa ndipo kwenu," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Mkwe wangu alitandika sweta kuukuu la marehemu mume wangu, lile nililosafiri nimelivaa, kando ya jiko. Paka alilinusa kwa muda. Nikaona amelitambua, na hilo nitaapa hata mbele ya paroko. Kisha akamshika mtoto wa kwanza kwa ukosi, akatoka naye. Nilisimama dirishani nikamwona akipita katikati ya mikahawa, mtoto ananing'inia mdomoni. Alirudi akamchukua wa pili. Ningeweza kufunga mlango. Mwenye mguu mweupe alikuwa wa mwisho, mzito kuliko wenzake, akawa anamburuza kidogo, anamweka chini, anapumzika, anamshika tena. Alipotoka naye hakuangalia nyuma. Mwanangu alikuwa amesimama nami, naye hakuufunga, na ninamshukuru.

Basi majivu hayakuwa sababu. Nilikuwa nimetamani yawe sababu.

Jumamosi iliyofuata watoto waliketi mapema kuliko kawaida. Walijua ninachodaiwa. Niliwaambia ukweli: paka wa ziwani alitembea sana, akaona mlango wazi, akazaa humo, na nyumba ile ikawa yake. Haikuwa nyumba ambayo bibi yake alimchagulia.

"Bibi yake alikasirika?" aliuliza yule binti.

"Alikasirika."

"Sasa bibi naye anakaa wapi?"

Nikamwambia anakaa kwa mwanawe, mahali pa baridi, na kwamba amepewa soksi. Hakuridhika na jibu hilo. Aliniangalia kwa namna ambayo watoto wadogo hutazama kidonda cha mtu mzima, akaniuliza kama wiki ijayo tutasikia habari za bibi. Nikawaambia wasimame tusali.

Jirani yangu alirudi kusali nasi siku ya tatu baada ya hapo, bila kualikwa, saa ile ile. Aliketi mahali pake kwenye mkeka, lakini aliacha nafasi kati yetu. Nilianza Baba Yetu. Nilipofika pale tunapoomba kusamehewa kama nasi tunavyosamehe, ulimi wangu ukakwama. Yeye aliendelea peke yake, akayasema yote mpaka mwisho, akaningoja. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyosali. Namshukuru Mungu kwa kila nilichopewa huku milimani, na ninamshukuru kwa moyo, lakini sehemu hiyo bado anaisema yeye. Mungu ananijua, hatakuwa na haraka nami.

Juzi alikuja mchana. Alikuwa amemshika mkononi yule mtoto mwenye mguu mweupe, bila gunia, bila hata kumfunika na kanga. Alisimama mlangoni.

"Nimemleta wazi, aione njia," alisema. "Akitaka kurudi, arudi. Akitaka kukaa, akae. Sitamwita."

Mtoto alikuwa anautazama ua wetu, masikio yamesimama. Nilimgusa kichwani kwa kidole kimoja. Alikuwa na joto, na alinuka usipa wangu.

"Bado mdogo," nikamwambia. "Mwache anyonye kwanza."

"Nimrudishe lini?"

"Sijui, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ile ya maharage, na ilinitoka bila kupanga. Aliisikia. Akamfunika mtoto kwa pembe ya kanga kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kushuka, akarudi kwake katikati ya mikahawa, nami nikaingia ndani kupuliza jiko.